MBWA WASIO NA MWENYEWE: KUWAUA HAKUMALIZI KICHAA

Leo katika ukurasa wetu wa afya tunazungumza juu ya mbwa wasio na mwenyewe, na juu ya ugonjwa mbaya kuliko yote wanaoweza kutuletea. Ugonjwa huo ni kichaa cha mbwa. Sisi wa Masasi na Newala tunawajua mbwa hao. Wanazunguka sokoni jioni watu wakishafunga meza zao. Wanalala chini ya mikorosho. Wanafukua majalala usiku. Wengine huwaita mbwa koko.

Mara nyingi mbwa wa namna hii akiuma mtu, neno la kwanza kusikika kijijini ni hili: "Mbwa wote wauawe!" Watu hushika marungu na mapanga, wengine huomba bunduki. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini je, kuwaua mbwa kunamaliza kichaa? Na yule aliyeng'atwa, wakati wenzake wanamkimbiza mbwa, yeye anafanyiwa nini? Hayo ndiyo mambo mawili tutakayoyaeleza leo.

Hili si jambo dogo katika mikoa yetu. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walifuatilia habari za wagonjwa waliong'atwa na wanyama katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kuanzia Januari 2011 hadi Julai 2019. Walipata watu 688 waliong'atwa au kukwaruzwa na wanyama walioelekea kuwa na kichaa. Kati yao watu 47 walikufa. Vifo hivyo 47 vingeweza kuzuiwa, kwa sababu dawa ya kuzuia ugonjwa huu imejulikana kwa zaidi ya miaka 130.

KICHAA CHA MBWA NI NINI?

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana hata kwa darubini ya kawaida. Vijidudu hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akiuma, mate yake huingia katika jeraha. Hata akikwaruza kwa kucha zenye mate, au akilamba kidonda kibichi, jicho au mdomo, vijidudu vinaweza kuingia mwilini.

Vikishaingia, havikimbilii katika damu kama vijidudu vya malaria. Vinatambaa polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Pengine huwa chini ya wiki moja, na pengine hupita mwaka. Jeraha likiwa karibu na kichwa, safari huwa fupi. Ndiyo maana mtoto aliyeng'atwa usoni au shingoni yumo katika hatari kubwa kuliko mtu mzima aliyeng'atwa mguuni.

Wakati wa safari hiyo mtu anajiona mzima. Jeraha linapona, anakwenda shambani, anacheza. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Lakini vijidudu vikishafika kwenye ubongo, mgonjwa huanza kupata homa, kichwa kuuma, na kuwashwa au kufa ganzi mahali alipong'atwa. Kisha hushindwa kumeza. Akiona maji koo linakaza na anashtuka kwa hofu. Upepo mdogo tu humtesa. Wengine hupooza kimya kimya bila fujo. Mtu akishafikia hali hiyo hakuna dawa ya kumponya. Hufa baada ya siku chache.

Kwa hiyo kumbuka jambo hili: kichaa cha mbwa kinazuilika kabla hakijaanza, lakini hakiponyeki kikishaanza. Muda wa kumwokoa mtu ni ule ambao bado anaonekana mzima.

Ugonjwa huu si urogi wala laana. Mtu wa kwanza kuonyesha njia ya kuuzuia kwa chanjo baada ya kung'atwa ni Louis Pasteur wa Ufaransa. Tarehe 6 Julai 1885 alianza kumpa chanjo mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameng'atwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua, akakua mpaka kuwa mtu mzima.

UTAMTAMBUAJE MNYAMA MWENYE KICHAA?

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Mpole huwa mkali, na mkali huweza kuwa mpole kupita kiasi. Huzurura mbali na kwao bila sababu. Huuma vitu ovyo: miti, mawe, mbuzi, watu. Sauti yake hubadilika. Mate humtoka mengi kwa sababu hawezi kumeza. Baadaye hupepesuka, hupooza na kufa, kwa kawaida katika muda wa siku 10.

Wako pia mbwa wenye kichaa cha kimya. Hawaumi ovyo. Hujificha gizani, taya limelegea kama aliyekwamwa na mfupa. Mtu mwenye huruma hutia mkono kinywani autoe mfupa huo. Usifanye hivyo kamwe.

Katika wilaya zetu tuwe macho pia na mbweha. Katika utafiti tuliokwisha kuutaja, kati ya watu 688, walioumizwa na mbwa walikuwa 388, na walioumizwa na mbweha walikuwa 278. Hii ina maana kwamba katika kila watu 10, karibu wanne walipata hatari hiyo kwa mbweha. Mbweha mzima humkimbia mtu. Ukimwona mbweha anaingia kijijini mchana bila woga, au anamfuata mtu shambani, ujue huyo si mzima. Usimkaribie, na usimwache mtoto amrushie mawe kwa mchezo.

MBWA HAWA WANATOKA WAPI?

Tunasema "mbwa wasio na mwenyewe". Lakini mbwa hakuumbwa porini kama chui. Kila mbwa koko, ama yeye mwenyewe au mama yake au bibi yake, aliwahi kuwa na mtu. Wengi wanaozurura mchana wanao wenyewe hata sasa, ila hawafungwi na hawalishwi vya kutosha.

Tuchukue mfano. Mkulima ana shamba la mihogo na mikorosho mbali na kijiji. Nguruwe mwitu, ngedere na nyani wanamwibia. Anatafuta mbwa wawili wa kulinda. Msimu unapita, korosho zinauzwa, familia inarudi kijijini au inahamia mjini kwa watoto. Mbwa wanabaki shambani. Jike linazaa watoto watano au sita. Hakuna wa kuwalisha, wanateremka kutafuta mabaki katika vilabu, machinjioni na majalala. Baada ya mwaka mmoja watu wanauliza: "Hivi mbwa hawa wametoka wapi?"

Wametoka kwetu. Mahali popote mtu anapoondoka na kumwacha mbwa, hadithi ni hii hii. Hebu tutazame mahali pamoja, mbali sana na hapa, ambapo jambo hili lilitokea kwa siku moja na kwa mji mzima. Tutaona kilichofuata walipojaribu kulimaliza kwa bunduki.

MFANO WA MBALI: MBWA WA CHERNOBYL

Tarehe 26 Aprili 1986 mtambo wa kutengeneza umeme kwa nguvu za atomu ulilipuka mahali paitwapo Chernobyl. Wakati huo nchi ile ilikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovyeti. Leo ni nchi ya Ukraine. Mlipuko ule ulimwaga sumu iitwayo mionzi. Mionzi haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha, lakini ikizidi huunguza mwili kwa ndani na huweza kuleta saratani. Sumu yake haiishi upesi. Mojawapo, iitwayo sesiamu, hupungua kwa nusu tu kila baada ya miaka 30 hivi.

Karibu na mtambo ule palikuwa na mji wa Pripyat wenye watu karibu 50,000. Siku iliyofuata watu wote walipakiwa katika mabasi. Waliambiwa wachukue vitu vya siku chache tu. Hawakuruhusiwa kuchukua mbwa wala paka, kwa kuhofia kwamba manyoya yao yamebeba vumbi lenye sumu. Siku zile chache hazikwisha: mpaka leo hakuna aliyerudi kuishi Pripyat. Mbwa walibaki katika mji mtupu.

Serikali ya huko iliwapeleka wawindaji wenye bunduki wawaue wanyama wote walioachwa, ili wasisambaze vumbi la sumu na magonjwa kama kichaa. Wengi waliuawa. Lakini si wote. Baadhi walijificha msituni na katika majengo. Wengine walisogea karibu na mtambo, ambako wafanyakazi waliobaki kuulinda waliwatupia chakula. Wakazaana. Zaidi ya miaka 30 baadaye, wajukuu na vitukuu wa mbwa wale wa 1986 walikuwa bado wanaishi pale kwa mamia.

Pana maneno mengi yasiyo ya kweli juu ya mbwa hao, kwamba wana vichwa viwili au kwamba wanang'aa usiku. Si kweli. Ni mbwa kama mbwa wengine. Mwaka 2023 wanasayansi walieleza matokeo ya kuchunguza damu ya mbwa 302 wa eneo lile. Waliona kwamba mbwa wanaoishi penye mtambo ni ukoo wao peke yao, tofauti na mbwa wa mji ulio mbali kidogo. Lakini hawakuthibitisha kwamba mionzi ndiyo iliyowafanya hivyo. Linalowapata mbwa hao kila siku ni njaa, baridi kali, mbwa mwitu wakubwa wa nchi zile, na kichaa kinachoweza kuletwa na wanyama wa msituni.

Ni nini kilichobadilisha mambo? Kuanzia 2017 shirika moja la hiari la Marekani, Clean Futures Fund, pamoja na wenzao wa Ukraine, walianza kuwakamata mbwa hao, kuwachanja dhidi ya kichaa, kuwafanyia upasuaji wasizae tena, na kuwaachia. Mbwa aliyechanjwa haleti tena kichaa kwa mfanyakazi anayempa mkate. Na mbwa asiyezaa haongezi idadi.

Ndugu msomaji, mahali pale palikuwa na bunduki, askari na amri ya serikali kubwa. Eneo lilizungushiwa ulinzi, na karibu wakazi wote walikuwa wameondolewa. Hata hivyo mbwa hawakuisha. Je, marungu ya kijiji kimoja yatawamaliza?

KWA NINI KUUA HAKUMALIZI KICHAA?

Tuseme kijiji kina mbwa 50, na watu wanawaua 25. Mambo manne hufuata.

Kwanza, chakula kinabaki. Jalala ni lile lile, lakini walaji wamepungua nusu. Mbwa waliobaki wanashiba, majike yanazaa, na watoto wengi zaidi wanaishi. Baada ya muda mfupi mbwa ni 50 tena.

Pili, nafasi iliyoachwa hujazwa na wageni. Mbwa wa vijiji vya jirani huingia. Na mwenye shamba aliyeuliwa mbwa wake wa kulinda huenda kijiji kingine kuleta mtoto wa mbwa. Huenda mtoto huyo tayari amebeba kichaa ambacho bado hakijajitokeza.

Tatu, watu huwaficha mbwa wao. Siku bwana mifugo atakapokuja na chanjo, hawatawatoa, kwa kuogopa kwamba wataulizwa au watauliwa.

Nne, panga halichagui. Mbwa aliyekwisha kuchanjwa huuawa pamoja na wengine, na hali yeye ndiye ngao ya kijiji.

Hatusemi kwamba mnyama anayeonyesha dalili za kichaa aachwe. Huyo ni hatari, na ni lazima aondolewe na watu wanaojua, chini ya uongozi wa ofisa mifugo. Asipigwe kichwani, kwa maana ubongo ndio unaopimwa ili kuhakikisha ugonjwa. Mzoga wake usishikwe kwa mikono mitupu, usiliwe, wala usitupwe ovyo. Vivyo hivyo ng'ombe au mbuzi aliyeng'atwa na akaanza kuonyesha dalili, asichinjwe kwa kuliwa. Tunalosema ni kwamba kuua mbwa wazima kwa hasira hakukati ugonjwa.

CHANJO INAVYOUKATA UGONJWA

Mkulima wa mikorosho anajua kuzuia moto. Hamwagi maji pori zima. Anafyeka njia kuzunguka shamba lake, moto unafika pale, unakosa majani makavu, unazimika. Chanjo ya mbwa hufanya kazi namna hiyo hiyo.

Utafiti uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja tu au wawili hivi kabla hajafa. Huo ni moto mdogo. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, moto huo unakosa pa kushika. Katika kijiji chetu cha mbwa 50, hao ni mbwa 35. Mbwa mwenye kichaa akiingia na kuuma wawili, yaelekea wote wawili wamechanjwa au angalau mmoja. Ugonjwa unakwama.

Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu maisha ya mbwa wa vijijini ni mafupi. Ndani ya mwaka wengi hufa, na wengine huzaliwa ambao hawana chanjo. Kijiji kilichochanja mwaka juzi na kikaacha, leo kina mbwa wengi wasio na kinga. Watoto wa mbwa nao wachanjwe, wasirudishwe nyumbani kwa kuambiwa kwamba ni wadogo mno. Wao ndio wanaochezewa na watoto wetu.

Haya si maneno matupu, yamekwisha kufanyika hapa kwetu. Kuanzia 2010 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani kwa fedha za mfuko wa Bill & Melinda Gates, iliendesha mpango mkubwa wa kutokomeza kichaa cha mbwa katika wilaya za kusini mashariki mwa Tanzania na kisiwa cha Pemba. Mtwara na Lindi zilikuwamo. Mbwa walichanjwa kijiji kwa kijiji, mwaka hadi mwaka. Katika miaka ile ya chanjo, idadi ya wanyama wagonjwa na ya watu walioumizwa nao ilizidi kupungua.

Watu wengi waliuliza: "Mbwa tutawachanja, na mbweha je? Nani atamchanja mbweha?" Utafiti ulijibu swali hilo. Wanyama 549 wenye dalili za kichaa walifuatiliwa. Kati yao mbwa walikuwa 303 na mbweha 221. Ni kweli kwamba mbweha huambukizana wenyewe kwa wenyewe. Lakini mbwa walipochanjwa, kichaa kilipungua kwa wanyama wote kwa jumla. Mpango ulipokoma, kichaa cha mbwa kilianza kuongezeka tena katika wilaya mojawapo ya upande wa kaskazini. Tujifunze hapo: njia ya moto isiyofyekwa kila mwaka huota majani.

Pemba nako kuna fundisho. Kwa kuchanja mbwa, kisiwa kile kilikwisha kuondokana na kichaa kufikia Mei 2014. Mwaka 2016 ugonjwa uliingia tena kutoka nje. Watu hawakukata tamaa. Walichanja tena, na kufikia Oktoba 2018 ukawa umekwisha mara ya pili. Pemba karibu watu wote ni Waislamu, na wengi hawakai na mbwa nyumbani. Hilo halikuwazuia. Kumchanja mbwa si kumkaribisha sebuleni. Ni kuilinda jamii, pamoja na mtoto wa jirani asiye na mbwa.

UKING'ATWA, FANYA HIVI

Hata kijiji kikichanja vizuri, ajali inaweza kutokea. Sikiliza kwa makini, na umweleze jirani yako asiyejua kusoma.

1. Osha jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Si dakika mbili. Vijidudu bado viko palepale penye jeraha, na sabuni huviua. Tunajua kwamba katika uwanda wa juu wa Makonde maji ni ya shida, na mtu wa Newala anaijua thamani ya ndoo moja kuliko mtu wa bondeni. Lakini ndoo hii usiihurumie. Kama maji ni machache, yamimine kidogo kidogo kwa kopo huku ukisugua kwa sabuni, ili yatoshe muda wote. Sabuni ya kipande ya kufulia inafaa. Jirani asikie, alete ndoo yake.

2. Baada ya kuosha paka iodini au spiriti, kama ipo. Usipake pilipili, mafuta ya taa, majivu wala majani ya kutwanga. Vitu hivyo huchubua nyama na kuvisukuma vijidudu ndani. Usilifunge jeraha kwa kulikaza, wala lisishonwe kwa haraka bila ya mganga kuamua.

3. Nenda zahanati au kituo cha afya siku ile ile. Zahanati ikiwa haina chanjo, omba barua ya kwenda mbele, kama vile hospitali ya wilaya ya Newala, au Mkomaindo au Ndanda kwa watu wa Masasi. Kama una simu, piga kwanza uulize chanjo iko wapi, usije ukazunguka bure. Hata kama siku kadhaa zimepita tangu ung'atwe, nenda. Maadamu dalili hazijaanza, hujachelewa.

4. Maliza sindano zote. Zamani zilikuwa nyingi na zilichomwa tumboni, na watu waliziogopa. Siku hizi ni chache, huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Ratiba inayotumika sana ina sindano siku ya kwanza, kisha siku ya 3 na ya 7 baada ya hiyo. Nyingine huendelea hadi siku ya 14 au ya 28. Fuata utakavyoandikiwa. Aliyeng'atwa vibaya, hasa kichwani, usoni au mikononi, huhitaji pia dawa ya kinga inayochomwa katika jeraha lenyewe. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda. Mama mjamzito na mtoto mchanga wanaweza kuchanjwa bila madhara.

5. Mbwa aliyekuuma, kama anajulikana na anaonekana mzima, asiuawe. Afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na vijidudu siku ile alipouma, na mganga anaweza kukuambia usimamishe sindano. Lakini usingoje siku hizo 10 ndipo uanze matibabu. Anza kwanza, mengine baadaye.

6. Mweleze ofisa mifugo na ofisa mtendaji wa kijiji. Labda mnyama yule ameuma wengine ambao hawajui hatari iliyo mbele yao.

Wazazi tusikilize hapa. Watoto wengi hung'atwa wakiwa njiani kwenda shule au wakichunga mbuzi, na huficha kwa kuogopa kuchapwa. Mkwaruzo mdogo unaofichwa unaweza kumwua mtoto miezi miwili baadaye. Tuwaambie watoto wetu leo: "Ukiumwa na mbwa au mbweha, njoo useme. Hatutakuchapa." Tena tuwafundishe wasimkimbie mbwa asiyejulikana. Wasimame kimya, wasimtazame machoni, wasimpige mawe, wasimsogelee anayekula au mwenye watoto.

KILA MMOJA ANA KAZI

Mwenye mbwa amchanje kila mwaka na kuitunza karatasi ya chanjo. Amlishe, amfunge au amzuie mchana, na akihama asimwache. Ahame naye au ampe mtu atakayemtunza. Kama hataki watoto wa mbwa, amwone daktari wa mifugo amfanyie upasuaji asizae.

Kijiji kifukie mabaki ya machinjio na kuchoma taka. Jalala wazi ndilo linalolisha mbwa koko. Serikali ya kijiji iandike idadi ya mbwa wote, ili siku ya chanjo ijulikane kama ile asilimia 70 imefikiwa. Mbwa asiye na mwenyewe anayemzoea muuza supu au mlinzi wa shule ashikwe na mtu huyo aliyemzoea na kupelekwa kuchanjwa. Kwa njia hiyo hata mbwa koko wengi hufikiwa.

Tufikirie gharama. Chanjo ya mbwa mmoja ni fedha kidogo. Sindano za mtu mmoja aliyeng'atwa, pamoja na nauli za kwenda na kurudi hospitali mara tatu au nne, ni fedha nyingi mara nyingi zaidi. Na mtu akifa hakuna korosho za msimu wowote zitakazomrudisha.

Kila mwaka, tarehe 28 Septemba, huadhimishwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Siku hiyo hutukuta mwanzoni mwa msimu wa korosho, wakati familia zinakwenda mashambani pamoja na mbwa wao. Kijiji hakina haja ya kungoja gari lije. Kinaweza kumwandikia ofisa mifugo mapema, kikapanga siku yake, kikahesabu mbwa wake. Shirika la Afya Duniani na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu yeyote kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Lengo hilo litafikiwa au halitafikiwa kutokana na mbwa wangapi watachanjwa kijiji kwa kijiji, pamoja na vijiji vyetu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kijiji chetu kina mbwa wangapi? Ili kufikisha mbwa 70 katika kila 100, ni wangapi wanapaswa kuchanjwa?

2. Kwa nini mbwa wa Chernobyl hawakuisha ingawa waliuawa kwa bunduki? Ni kitu gani kinawalisha mbwa wasio na mwenyewe hapa kwetu?

3. Mtoto ameng'atwa na mbweha saa 10 jioni, na nyumbani kuna ndoo moja tu ya maji. Mtafanya nini kwanza, na nini baadaye?

4. Kituo cha afya cha karibu chenye chanjo ya kichaa cha mbwa ni kipi? Achaguliwe mwanakikundi mmoja aende kuuliza, na alete jibu kikao kijacho.